Nina elfu mia tatu tu: kitabu kipi cha mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo, Makerere?

Binti wa Busia

Salamu kwenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni wa Busia, upande wa Uganda. Kiswahili ndicho tunachogombania nacho bei pale mpakani tangu utoto, kwa hiyo msishangae Mganda kuja kuuliza huku. Nimepata nafasi Makerere, shahada ya tiba ya mifugo, ile ya miaka mitano. Ada ya semesta ya kwanza imelipwa, chumba Kikoni kimelipwa, na mzee ameuza ng'ombe wawili kwa ajili hiyo. Zimebaki shilingi elfu mia tatu. Amenikabidhi mbele ya mama akasema: hizi za vitabu, si za simu.

Sasa binamu yangu amenitumia orodha ya vitabu 11. Juzi nikashuka Kampala, nikaingia duka la vitabu, nikauliza bei ya kimoja tu, cha anatomia. Muuzaji akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe, kama anayeona haya kuitamka. Nikashukuru, nikatoka, nikala roleksi (chapati na mayai) Wandegeya, nikapanda takisi kurudi nyumbani.

Naomba wajuzi mnisaidie. Nikiwa na uwezo wa kununua kimoja, labda viwili, nianze na kipi? Matoleo ya zamani yanafaa au nitachekwa? Halafu jirani yetu, ofisa wa kituo cha afya, yuko tayari kunipa bure kitabu chake cha anatomia ya binadamu. Je, nichukue? Natanguliza shukrani.

Bukoba Kwetu

Hongera sana dada. Mimi si wa fani, nina mbuzi sita tu na jogoo mwenye kiburi. Navuta kiti.

Gambuti Namba Nane

Hongera mdogo wangu, niko mwaka wa nne hapo hapo unapokuja. Sikiliza: usinunue kitu chochote kabla hujakaa darasani wiki mbili.

Mimi nilifika na vitabu viwili vipya kwenye begi, nikijiona msomi. Cha kwanza, cha biokemia, nilikifungua labda mara nne mwaka mzima, maana notisi za mhadhiri zilitosha na maktaba ilikuwa nacho. Kilichobaki cha maisha yake kimekuwa kazi ya kuzuia mlango wa chumba usijibamize upepo ukivuma. Nikikitazama naona karibu mbuzi mzima wa mama yangu pale sakafuni.

Kwenye wiki hizo mbili, angalia jambo moja tu: picha anazoonyesha mwalimu wa anatomia zinatoka kitabu gani. Hicho ndicho chako. Mwalimu akichora mguu wa mbele wa mbuzi na wewe una mchoro ule ule mkononi, usiku unadurusu nusu saa. Ukiwa na kitabu kingine unakaa saa mbili unatafuta msuli uliopewa jina lingine na kuchorwa kutoka upande mwingine.

Na katika hizo elfu mia tatu toa kwanza za gambuti, ovaroli, koti jeupe, glavu na seti ya kupasulia. Hakuna mwalimu atakayekufukuza maabara kwa kukosa kitabu. Kwa kukosa gambuti utafukuzwa.

Mwana wa Kabete

Nampinga kidogo Gambuti. Mimi nilisomea Nairobi, pale Kabete, nimemaliza zamani. Kama ni kitabu kimoja, nunua cha fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi. Anatomia iko machinjioni bure.

Simaanishi mzaha. Kila alfajiri ng'ombe wanafunguliwa hapo, matumbo yanamwagwa, ini, mapafu, bandama, kila kitu kiko wazi na kina joto. Msalimie mkaguzi wa nyama vizuri, jieleze kuwa ni mwanafunzi, vaa gambuti, simama pembeni usimzuie mtu kazi yake. Tumbo la tatu la ng'ombe, omasamu, nililijua kwa mzee mmoja mchinjaji ambaye hajawahi kuingia darasa la chuo. Alilipasua kwa kisu kimoja, akalifungua kwa vidole viwili, majani yake yakaachana moja moja, yamebanana, na nyasi kavu katikati. Akaniambia, "Hiki tunakiita kitabu, daktari. Soma." Tangu siku ile sijawahi kuchanganya omasamu na retikulamu, tumbo la pili, ambayo ndani ina vyumba vyumba kama sega la nyuki.

Sasa fiziolojia huioni machinjioni. Ng'ombe anakula majani, lakini sukari inayoingia damuni kutoka utumboni ni kidogo mno. Vijidudu vya kwenye rumeni, lile tumbo la kwanza, vinachachusha majani yale, vinatoa asidi tatu: ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki. Ile ya propioniki inakwenda kwenye ini na huko ndiko sukari inakotengenezwa. Jambo kama hilo usipolielewa mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu utakariri magonjwa ya ng'ombe wa maziwa kama kasuku.

Daktari wa Kiruhura

Nimesoma yote. Nina miaka 15 na zaidi katika kazi hii, mingi nikiwa na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Mwana wa Kabete ana hoja nzuri na hitimisho baya. Machinjioni utaona viungo, kweli. Lakini utaviona vimeshatoka mahali pake. Anatomia ya daktari ni swali la *wapi*, na ng'ombe akishaning'inizwa ndoanoni hilo swali halina jibu. Rumeni inajaza karibu upande wote wa kushoto wa tumbo. Ini limesukumwa kulia. Usiku wa manane ng'ombe amevimba gesi, amelala, mwenye ng'ombe anakumulikia tochi ya simu huku mkono unamtetemeka: unatoboa kushoto, kwenye lile shimo nyuma ya mbavu ya mwisho, chini ya mifupa ya kiuno. Ukitoboa kulia umefanya nini? Hilo halifundishwi na utumbo uliomwagwa sakafuni.

Kwa hiyo binti yangu, anatomia kwanza. Vitabu utakavyotajiwa ni vitatu vikubwa, navyo havifanani tabia.

Kuna Sisson, ambacho baadaye kilihaririwa na Getty. Toleo la tano, la 1975, ni majuzuu mawili, kwa pamoja zaidi ya kurasa 2,000. Ni ghala. Kila kitu kimo, lakini ukiingia bila taa hutoki. Kimeelemea sana farasi, na wanyama wengine huelezwa baada yake. Nenda kakisome maktaba unapotaka kumaliza ubishi. Usikibebe mgongoni.

Kuna König na Liebich. Hiki kinakwenda mfumo kwa mfumo: mifupa yote, misuli yote, mmeng'enyo, na kuendelea. Picha zake ni za kupendeza, nyingi ni za viungo halisi. Mwalimu wako akifundisha kwa mifumo, kitakufaa.

Halafu kuna Dyce, Sack na Wensing. Mwanzoni kinapita mifumo kwa jumla, kisha kinageuka na kuchukua mnyama mmoja mmoja, sehemu kwa sehemu: mbwa na paka, farasi, wanaocheua, nguruwe, hadi ndege. Kichwa cha ng'ombe kina sura yake, tumbo lina sura yake, kiwele kina sura yake. Ni zaidi ya kurasa 800 lakini unafungua pale pale ulipo na kisu. Mimi nilipasua mbuzi nikiwa nacho mezani, kimefunikwa nailoni, na bado kurasa za tumbo zina madoa ya mafuta hadi leo. Nikikifungua ofisini harufu ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi mizoga, inanirudia puani, sijui ni kweli ipo au ni akili yangu tu.

Kama nilazimishwe kuchagua mimi, ni Dyce. Hapa kwetu daktari anaishi na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku na mbwa. Farasi nimewatibu wachache mno katika maisha yangu.

Mlima Kapchorwa

Daktari, na punda je? Huku kwetu punda ndiye lori. Punda ni ndugu wa farasi, hana kifuko cha nyongo kama farasi asivyo nacho. Usitufutie kurasa zetu.

Daktari wa Kiruhura

Nimekosea, ndugu wa Kapchorwa, nakubali. Na Karamoja pia. Sura ya farasi isomwe, punda asionewe.

Niliacha suala la matoleo. Mfupa wa paja wa mbuzi haujahama tangu nilipozaliwa. Dyce toleo la tatu la 2002 litakupitisha mwaka wa kwanza bila aibu. Hilo la tano, lililohaririwa na Baljit Singh, lina rangi nzuri na maboresho, na bei yake uliiona kwenye kikokotoo. Ukikuta jina la msuli linatofautiana kati ya kitabu na notisi, ile orodha ya majina rasmi, Nomina Anatomica Veterinaria, inapatikana bure kabisa mtandaoni.

Nesi Mstaafu Arua

Kuhusu hicho kitabu cha binadamu, mwanangu, mshukuru jirani lakini usikitegemee. Nimefundisha wauguzi miaka mingi, na mkwe wangu ni daktari wa mifugo. Tulikaa siku moja tukalinganisha. Hata maneno ya pande yanagongana. Binadamu anasimama wima, kwa hiyo vitabu vyetu vinasema juu na chini, mbele na nyuma. Mnyama yuko kwa miguu minne, nyie mnasema upande wa kichwa na upande wa mkia, mgongoni na tumboni. Ukizoea lugha yetu utaandika kwenye mtihani kitu kitakachomchekesha msahihishaji.

Halafu binadamu ana mbavu jozi 12, ng'ombe na mbwa 13, farasi 18. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ana tumbo la vyumba vinne. Jirani yako hana.

Bukoba Kwetu

Jirani mwingine anavyokula, mimi ningempima.

Gambuti Namba Nane

😂😂 Banange!

Lakini niongeze: ni kwenye anatomia tu ndiko vya binadamu havifai. Biokemia ya Harper ni ya binadamu, na tunaisoma, kwa sababu molekuli haijui imo ndani ya nani. Fiziolojia ya Guyton pia watu wanaitumia kwa moyo, figo na neva, inaeleza kwa utulivu sana. Ukifika kwenye rumeni, au kuku anavyotengeneza yai, hapo Guyton anakuaga. Hamia kwa Dukes au Cunningham, vitabu vya fiziolojia ya wanyama. Dukes toleo la 12, la 2004, niliazima maktaba semesta nzima, nikikirudisha na kukiazima tena hadi mkutubi akawa ananitolea kabla sijafungua mdomo.

Mwana wa Kabete

Sawa, mmenizidi idadi. Bado nasema binti aende machinjioni.

Daktari wa Kiruhura

Aende. Aende na kitabu kichwani.

Kalamu ya Nasser Road

Mimi niko upande wa mashine. Wanafunzi wanakuja kila mwaka: "Mzee, nitolee fotokopi ya kitabu kizima." Nitawaambia wasichojiuliza. Atlasi ya anatomia ina ateri nyekundu, vena za bluu, neva za njano. Ukiitoa nyeusi na nyeupe, vyote vitatu vinakuwa nyuzi nyeusi zinazopishana. Mwaka jana kijana mmoja alilipia karibu kurasa 400 kwenye duka fulani, si langu, akaja kwangu kufunga jalada. Nikamwonyesha: kila baada ya ukurasa wa kulia, wa kushoto haupo. Nusu ya mbwa. Alikaa kwenye benchi langu akanywa soda bila kusema neno.

Na sheria ya hakimiliki ya 2006 ipo. Kurasa chache za kujisomea ni jambo moja, kitabu kizima ni jingine.

Simba Mchovu

Mnapoteza muda wote huu wa nini? Kuna kundi la Telegram lina PDF zote, Dyce, König, kila kitu. Niwarushie link?

Msimamizi

Link za vitabu vya kuibwa hazirushwi humu. Nimefuta mbili tayari. Endeleeni na mada.

Ajok wa Gulu

Vya bure vya halali vipo, watu hawaulizi tu. Maktaba inapata majarida ya kilimo na mifugo kupitia AGORA, mpango ulioanzishwa 2003 na FAO kwa nchi kama yetu. Mwombe mkutubi akuonyeshe jinsi ya kuingia. Na Merck Veterinary Manual yote iko wazi mtandaoni, huhitaji hata akaunti. Si ya mwaka wa kwanza hiyo, ni ya magonjwa, ila iweke kwenye simu. Utakwenda nyumbani Krismasi, utaona kwa nini nakwambia.

Daktari wa Kiruhura

Ajok amegusa penyewe. Baba aliyeuza ng'ombe wawili atakuamkia sikukuu na swali la ndigana kali, na wewe umesoma mifupa tu. Usikimbilie kununua vitabu vya magonjwa kwa ajili ya siku hiyo. Mpeleke zizini. Kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, na kwa kuwa anauma sikioni, mara nyingi tezi inayovimba kwanza ni ile ya chini ya sikio, kisha ile ya mbele ya bega. Anatomia ya mwaka wa kwanza inatosha kukuonyesha pa kuweka vidole. Ukimshika ng'ombe pale pale bila kupapasa, ukamwambia, "Baba, weka mkono hapa, na sasa mpime joto," atajua fedha yake iko wapi. Dawa atamwita daktari wa wilaya.

Binti wa Busia

Nimesoma kila jibu, mengine mara mbili. Mzee wangu nimemsomea lile la mwisho kwa sauti. Akanyamaza, akasema, "Huyo daktari ni mtu mzima." Nitakaa wiki mbili bila kununua kitu. Nitarudi.

*(wiki tano baadaye)*

Binti wa Busia

Nimerudi wakubwa, mnisamehe kuchelewa, huku usingizi ni wa mkopo.

Nilikaa wiki mbili kama mlivyosema. Michoro ya mwalimu ikawa ya Dyce. Kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini nikaona karatasi, dada wa mwaka wa tatu anauza toleo la tatu. Alianza elfu 180, mimi mtoto wa mpakani nikamfikisha 130. Jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi na kurasa za kwanza zimelegea. Pale kwenye tumbo la ng'ombe ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni: KUSHOTO. KUSHOTO. KUSHOTO! Sijui alipatwa na nini yeye.

Gambuti, ovaroli, glavu na seti ya kupasulia vikala sehemu kubwa ya iliyobaki. Tahadhari kwa mtakaokuja: nilinunua visu namba 22 na mpini namba 3, havishikani. Visu vya 20 na kuendelea vinataka mpini namba 4. Nilirudi dukani na kijasho. Dukes naazima, na mkutubi bado hajanizoea kama alivyomzoea Gambuti. Harper ni ya mwenzangu wa chumbani, tunasoma kwa zamu, yeye usiku mimi alfajiri. Kitabu cha jirani nimempa binamu anayesomea uuguzi, akafurahi sana.

Jumanne ilikuwa mbuzi wetu wa kwanza, tuko sita kwa mzoga mmoja. Mwalimu akapita, akaweka mkono ubavuni kwa mbuzi, akauliza, "Nikitoboa hapa nakuta nini?" Wenzangu wakatazama chini. Mimi nikaona yale maandishi mekundu. Nikasema rumeni, mwalimu, hapo ni kushoto. Akaitikia kwa kichwa tu, akaenda meza nyingine. Nimemwandikia dada yule ujumbe wa shukrani.

Machinjioni nakwenda Jumamosi, Mwana wa Kabete, usininunie.

Sasa nina swali jingine na ni la dharura. Nimesuka rasta wiki iliyopita. Harufu ya fomalini inatokaje kwenye nywele za kusuka?

Gambuti Namba Nane

Haitoki dada. Ungevaa kofia ya plastiki kabla ya kuingia. Fumua.

Ajok wa Gulu

Usifumue! Siki kidogo kwenye maji ya vuguvugu, suuza, kaa juani. Mimi nilimaliza mwaka hivyo.

Bukoba Kwetu

Kiti changu bado nimekalia.